Uzi: Kozi huria za mtandaoni tunazianza kwa wingi na kuziacha kimyakimya. Mwenzenu nilimaliza moja, na haikuwa kwa akili zangu

Karani wa Kurasini (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam.

Usiku mmoja wa mwaka 2020 nilijiandikisha katika kozi tano za mtandaoni kwa mkupuo mmoja, nikiwa nimelala chali kitandani na bando la usiku likiwa limebakiza saa mbili kwisha. Zote zilikuwa za bure na za vyuo vikuu vyenye majina makubwa duniani. Sikumaliza hata moja. Ya takwimu niliiacha wiki ya pili, ya fedha niliiacha siku ileile, na tatu zilizobaki sikuzifungua kabisa. Nazikumbuka kwa sababu tu barua pepe zake ziliendelea kunifuata mwaka mzima kama mdai wa duka la Mangi. Lakini mwaka 2022 nilimaliza kozi moja iliyokuwa ngumu kuliko zote tano. Kazi yangu ilikuwa ileile, simu ileile, na mshahara ulikuwa uleule wa karani wa uwakala wa forodha. Kilichoongezeka ni watu watatu na meza moja, na hilo ndilo ninalotaka tulijadili.

Kwa wasiozifahamu, kozi hizi huitwa kwa Kiingereza MOOC, kifupi cha Massive Open Online Course, yaani kozi huria ya mtandaoni ya watu wengi, jina lililobuniwa mwaka 2008 na Dave Cormier akizungumzia kozi ya George Siemens na Stephen Downes katika Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Darasani walikuwapo wanafunzi 25 waliolipa ada, na mtandaoni wakajiunga watu wengine wapatao 2,200 bila kulipa chochote. Mlipuko wenyewe ulikuja mwaka 2011, pale Sebastian Thrun na Peter Norvig walipoifungulia dunia nzima kozi yao ya akili bandia iliyofundishwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakajiandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka uliofuata Thrun alikwisha anzisha Udacity, Andrew Ng na Daphne Koller wakaanzisha Coursera, navyo vyuo vikuu vya MIT na Harvard vikaungana kuanzisha edX, yote matatu yakiwa majukwaa ya mtandaoni ya kutolea kozi za namna hii.

Sasa tazameni upande wa pili wa hesabu. Kozi ya kwanza ya MIT chini ya mpango huo, iliyohusu sakiti na elektroniki, iliandikisha watu wapatao 155,000, na waliopata cheti walikuwa 7,157. Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa kozi za MIT na Harvard kwenye edX, wakaonyesha kwamba katika mwaka wa masomo 2017/18 waliomaliza walikuwa kama 3 katika kila 100 waliojiandikisha, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaojiandikisha hawaingii hata mara moja kwenye kozi yenyewe. Nilipoisoma takwimu hiyo ya pili nilijicheka peke yangu ndani ya daladala, kwa kuwa kumbe lile ninaloliona kuwa aibu yangu binafsi ni tabia ya watu milioni kadhaa.

Mtu anaweza kusema kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, na watafiti haohao walikuta waliolipia cheti wanamaliza kwa kiwango kikubwa zaidi, karibu nusu yao. Sikatai, ingawa naona anayetoa fedha yake mara nyingi alikuwa amekwisha amua kumaliza kabla ya kulipa. Hoja yangu ni nyingine. Mhadhara mmoja uliorekodiwa unaweza kuangaliwa na watu laki moja, na zoezi moja likasahihishwa na mashine usiku wa manane, na huo ndio ufundi wote ulioziwezesha kozi hizi kuwa kubwa kiasi hicho na kuwa za bure. Mashine inakwambia umekosa mstari wa 14. Haikuulizi mbona jana hukuonekana.

Nitaendelea hapa chini, maana uzi ni mrefu.

Karani wa Kurasini

Mwaka 2021 mwalimu mmoja wa hesabu wa sekondari, jirani yangu wa zamani Temeke, aliniambia anaianza CS50, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta inayofundishwa na David Malan wa Harvard, na kwamba hataki kuianza peke yake kwa sababu amekwisha ianza peke yake mara mbili. Akamtafuta fundi simu mwenye kibanda Kariakoo na kijana mmoja aliyekuwa anasubiri matokeo ya kidato cha sita. Tukawa wanne. Kila Jumapili saa nane mchana tulikutana barazani kwa Mwalimu, kwenye meza ya plastiki yenye mguu mmoja uliofungwa waya, na kompyuta mpakato moja kwa watu wote.

Suala la bando tulilimaliza mapema. Mhadhara mmoja wa kozi ile una saa mbili na ushei, na hata katika ubora wa chini ulikula MB 300 hadi 400, jambo ambalo kwa watu wanne kila wiki ni gharama. Mihadhara yenyewe inaruhusiwa kupakuliwa na kunakiliwa mradi hufanyi biashara, kwa hiyo mmoja wetu aliishusha Ijumaa usiku, akaiweka kwenye fulashi, na Jumamosi fundi akawagawia wengine kwenye memori kadi. Intaneti ya Jumapili ilibaki kuwa ya kutuma mazoezi tu, ambayo ni maandishi na hayazidi uzito wa ujumbe wa kawaida.

Wiki ya nne ndiyo iliyotaka kutuvunja. Hapo unafundishwa jinsi kompyuta inavyotunza vitu katika kumbukumbu yake, na jinsi programu inavyoweza kubeba anwani ya kitu badala ya kitu chenyewe. Tuliangalia sehemu ile mara tatu. Kijana akasema ameelewa, tukamwomba aeleze, akanyamaza. Mwalimu akaingia ndani, akatoka na bahasha ya zamani iliyoandikwa S.L.P. na namba yake, akaiweka mezani. Akasema: "Barua haimo ndani ya namba hii. Namba inakutuma kwenye sanduku. Ukiifuta namba, barua haijachanika, iko palepale. Swali ni nani ataiona tena." Fundi akapiga meza, mguu wa waya ukalegea. "Ndiyo yale ya mteja anayepoteza karatasi yake! Simu ipo kabatini kwangu, inajaza nafasi, hakuna wa kuichukua wala siwezi kumpa mwingine." Kwa wanaoijua fani hii, alikuwa ameeleza sawasawa tatizo la kumbukumbu inayovuja, bila kulisoma popote.

Mhadhara ulikuwa mzuri mno, na Malan ni mwalimu hodari ambaye naye ana mifano yake ya masanduku. Lakini hakuwapo kumsikia fundi akijibu. Kilichotushikilisha kozi ni jibu lile.

Mpiga Hesabu

Ndugu Karani, simulizi ni nzuri, lakini naona umeyaruka makusudi mambo ya fedha. Mwaka 2012 tuliambiwa elimu ya juu itakuwa bure kwa kila mwenye intaneti, na wapo waliotabiri kwamba vyuo vya kawaida vitafungwa. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Jimbo la San Jose, California, kilijaribu kuwafundisha wanafunzi wake hesabu na takwimu kwa kushirikiana na Udacity, na wengi wakafeli kuliko wale waliokaa darasani, hata mpango ukasimamishwa kwa muda. Baadaye Udacity ikahamia kwenye mafunzo ya kulipia ya wafanyakazi wa makampuni. Mwaka 2021 Coursera iliuza hisa zake katika soko la New York, na mwaka huohuo edX, iliyoanzishwa kama taasisi isiyo ya kibiashara, ikanunuliwa na kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, kampuni ambayo mwaka 2024 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Hayo yote yametokea ndani ya miaka 12.

Kila mwaka kile cha bure kinapungua. Zamani ulipata mazoezi na cheti. Kisha cheti kikawa cha kulipia. Kisha mazoezi yaliyosahihishwa yakafungiwa. Na kozi nyingine sasa zinakufunga nje baada ya muda fulani. Bure ni chambo, na chambo hakikusudiwi kumshibisha samaki.

Karani wa Kurasini

Mpiga Hesabu, hayo uliyoyaeleza ni kweli na ninayakubali, ila la chambo nalikubali nusu. Yapo makampuni na ipo mipango ya vyuo, na havifanani. MIT ilitangaza mwaka 2001 kwamba itaweka maandalio ya kozi zake mtandaoni bure, na hadi leo unayapata bila hata kujiandikisha: mihadhara, mitihani ya nyuma na majibu yake. Hakuna cheti wala mwalimu wa kukujibu, lakini hakuna anayekufungia mlango. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kina OpenLearn, na hicho hutoa hata hati ya ushiriki bila malipo. CS50 yenyewe ina vyeti viwili, cha edX ambacho unalipia na cha kozi yenyewe ambacho ni bure ukitimiza mazoezi yote na kazi ya mwisho. Sisi tulichukua cha bure. Kwa hiyo kabla hujajisajili popote, uliza ni kipi hasa kilicho cha bure: kusoma, kusahihishiwa, au kupewa cheti. Hivyo ni vitu vitatu, na tangazo huvichanganya kwa makusudi.

Babu wa Kisarawe

Wanangu, hamjambo. Nawasoma tangu asubuhi, nikaona niwakumbushe jambo ambalo huenda wengi wenu hamkulikuta.

Mnasema masomo ya watu wengi kwa mara moja na bila ada yalianza mwaka 2008 huko Kanada. Mimi mwaka 1973 nilikuwa na miaka 13, na nilikuwa msomaji wa kikundi cha redio kijijini kwetu. Kampeni iliitwa Mtu ni Afya. Tulikuwa na redio moja, mali ya balozi wetu wa nyumba kumi, iliyowekwa juu ya kinu kilichopinduliwa chini ya mwembe ili isipate vumbi. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, hata kama muziki mzuri ulikuwa unafuata, na mimi nikasimama kusoma kijitabu kwa sababu kiongozi wetu wa kikundi macho yake yalikuwa mabovu. Nilisoma habari za mbu, maji na choo. Kisha watu wazima wakaanza kubishana, na ubishi huo ndio uliokuwa somo. Mzee mmoja alikataa katakata kwamba homa inaletwa na mbu, na kikundi kilikaa naye majuma mawili. Juma la tatu alikuja na jembe, akasema haya, hilo dimbwi la nyuma kwangu tulifukie, tuone.

Na ukikosa kuhudhuria, jioni balozi alipita nyumbani. Hakuja kugomba. Alikuja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Karani wa Kurasini

Babu, shikamoo. Umenipokonya kalamu, na nashukuru. Kwa wasiojua ukubwa wa jambo hili: Mtu ni Afya ilifikisha watu wapatao milioni 2 nchini kwa muda wa majuma 12, ikiwa imeandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Ilitanguliwa na Wakati wa Furaha mwaka 1971, nchi ilipokuwa inatimiza miaka 10 ya Uhuru, na ikafuatiwa na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Milioni 2 katika nchi iliyokuwa na watu wachache kuliko leo ni wingi unaoizidi mbali ile kozi ya Stanford, na hapakuwa na kompyuta hata moja. Ilikuwapo redio iliyozungumza na wote kwa pamoja, kijitabu cha kurejea, na kiongozi ambaye hakuhitaji kuwa bingwa wa somo, kazi yake ikiwa kuwasha redio kwa wakati na kuhakikisha kila mtu amesema kitu. Kozi za leo zimechukua redio na kijitabu, zikaviboresha sana, na zikamwacha balozi.

Hata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na ambacho makao yake yako hapa Kinondoni, hakikutegemea karatasi peke yake. Kina vituo mikoani ambako mwanafunzi wa masafa hukutana na mhadhiri na kufanya mtihani.

Babu wa Kisarawe

Marahaba, mwanangu. Dimbwi lilifukiwa. Homa haikwisha yote, lakini mzee yule hakubisha tena.

Dada wa Ajira

Naomba niseme upande wangu, kwa kuwa kazi yangu ni kupokea maombi ya kazi katika kampuni binafsi hapa mjini. Watu wengi huambatisha vyeti vya kozi hizi kama shanga, kumi na vinne kwa mtu mmoja, kuanzia masoko hadi anga za juu. Nawaomba msinikasirikie, lakini huwa sivisomi. Vyeti hivi ni ushahidi wa kumaliza kozi; si stashahada wala shahada, na anayedhani Tume ya Vyuo Vikuu itavitambua kama tuzo ya chuo anajidanganya. Pale tangazo linapotaka shahada, cheti hiki hakizibi pengo.

Kinachonishtua ni mtu anayenionyesha alichokitengeneza. Kijana mmoja alikuja kwenye usaili akaomba aonyeshe kwenye simu yake daftari la mauzo alilomtengenezea mama yake mwenye genge, likiwa na deni la kila mteja na siku aliyoahidi kulipa. Tulisahau kumuuliza cheti. Nilikuja kukiona baadaye, kikiwa kimoja tu.

Karani wa Kurasini

Dada, hapo umemaliza. Kazi ya mwisho ya fundi wetu ilikuwa daftari la simu zinazoingia kibandani: jina la mteja, ubovu, alichotanguliza, na siku ya kuja kuchukua. Analitumia mpaka leo. Yangu ilihusu kulinganisha orodha mbili za makontena, na nakiri kwamba ilifanya kazi siku tatu tu kabla ya ofisi kubadilisha mpangilio wa safu. Kijana alikwisha pata chuo, akatuachia kazi ikiwa nusu, na hakumaliza. Kwa hiyo kati ya wanne tulimaliza watatu. Muwe na habari pia kwamba tulitumia miezi 14 kwa kozi ambayo wengine huimaliza kwa miezi 3, na mwezi mmoja wa mgao wa umeme hatukufanya kitu kabisa.

Binti wa Chanika

Kaka Karani, habari za kazi. Mimi nimemaliza kidato cha sita na nina simu tu, sina kompyuta. Kiingereza cha kuandika ninakiweza, lakini yule mhadhiri anazungumza haraka mno. Je, nianze na ipi, au nisubiri mpaka nipate kompyuta?

Karani wa Kurasini

Usisubiri, mdogo wangu. Kwa kozi za kusoma na kusikiliza, simu inatosha kabisa. Washa maandishi yanayopita chini ya video na upunguze kasi. Kozi nyingi pia hutoa maandishi yote ya mhadhara, ambayo hayali bando na unaweza kuyasoma kwanza kabla ya kusikiliza. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba nusu ya nilichodhani ni ugumu wa somo ulikuwa ugumu wa sikio. Kama hesabu zako zina matundu, pita kwanza kwenye tovuti ya masomo ya Khan Academy, ambayo ni bure na haina haraka. Chagua kozi moja tu. Nasisitiza moja, kwa uchungu wa mtu aliyewahi kuchagua tano.

Kwa kuandika programu utahitaji kompyuta mwishoni, lakini si kila siku. Sisi wanne tulikuwa na moja, na kwa sababu hiyo kila mtu alilazimika kuandika programu yake kwenye karatasi kwanza na kuwasomea wenzake kabla ya kuigusa. Mwalimu anaamini ufukara ule ulitusaidia. Mimi naamini tungemaliza mapema zaidi tukiwa na kompyuta mbili.

Mwalimu anaanza kundi jipya Jumapili ijayo, palepale Temeke, na mkewe huwa yupo. Meza ina nafasi mbili. Niandikie pembeni nikuelekeze.

Mpiga Hesabu

Nafasi moja niwekeeni mimi. Nataka nije nione huo mguu wa waya.

Binti wa Chanika

Baba ameruhusu, ila kwa sharti kwamba kaka yangu anisindikize na akae mpaka tumalize. Mtakubali? Na nije na nini?

Karani wa Kurasini

Njoo naye, atapata chai kama wengine, na akichoka kutuangalia tutampa zoezi. Nimemuuliza Mwalimu, anasema uje na daftari la hesabu, lile la viboksi, usilete la mistari. Zoezi la wiki ya kwanza ni kujenga piramidi, na viboksi vinasaidia kuhesabu nafasi zilizo wazi upande wa kushoto, ambazo ndizo kila mtu huzikosea.